Somo: Kuchagua kijiji cha kuhamia kwa ajili ya kilimo biashara, na mila za kuzijua kabla hujalipia shamba

Somo la leo halihusu mbegu wala mbolea. Karibu kila wiki napokea simu au ujumbe wa namna hii: "Ofisa, nimepata heka kumi sehemu fulani, bei poa, udongo mweusi, mto uko jirani. Ninunue?" Mwenzangu anataka nimwambie kama udongo huo unafaa nyanya. Mimi huwa namuuliza kwanza: hicho kijiji umelala siku ngapi? Wengi hawajalala hata usiku mmoja. Wamepelekwa na bodaboda ya dalali saa nne asubuhi, saa nane mchana wako kwenye basi wanarudi mjini na picha za shamba kwenye simu.

Udongo uliochoka unatibika kwa samadi, kwa chokaa pale wenye tindikali, na kwa misimu miwili mitatu ya subira. Ukikosea kijiji, hakuna mfuko wa mbolea utakaokusaidia.

Nitoe kisa kimoja, maana nilikiona kwa macho yangu na mimi mwenyewe nina lawama ndani yake. Ilikuwa kwenye wilaya moja ya kusini, miaka nilipokuwa bado mgeni kazini. Alikuja kijana kutoka Dar, ana akiba ya duka lake la simu, akanunua ekari sita kwa mzee mmoja. Humo kulikuwa na mikorosho mikongwe kama kumi na miwili. Mzee alikuwa mtu wa heshima, ameishi pale zaidi ya miaka ishirini, ana watoto na wajukuu. Waliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mhuri ukagongwa, kijana akaamini kazi imekwisha. Akakata mikorosho minne ili apate jua, akapanda tikiti. Tikiti zilitoka vizuri kweli kweli.

Mwezi wa tatu wakaja kina mama wawili na mzee mwingine, wameongozana na mtendaji wa kijiji. Shamba lile lilikuwa la ukoo wa mke. Muuzaji alikuja pale kuoa, akalima kwa miaka yote hiyo kama mkwe, lakini hakuwa na kauli ya kuuza. Yule mzee aliyekuja alikuwa mjomba, mwenye sauti juu ya ardhi ya upande wa mama. Na katika ile mikorosho minne iliyokatwa, miwili ilikuwa ya dada wa mke, aliyeipanda akiwa msichana. Kijana aliruhusiwa kuvuna tikiti zake, akalipa fidia ya miti, akaondoka. Fedha ya shamba alirudishiwa kidogo kidogo na haikutimia.

Lawama yangu ni hii: nilipita shambani kwake mara tatu. Tuliongea habari za inzi wa matunda na ubwiri. Nilikuwa nimeshasikia kwa watu kwamba shamba lile lina maneno, nikajiambia hayo si mambo ya ugani, ni ya ofisi ya kijiji. Ndiyo maana siku hizi naanza na maswali haya kabla ya kugusa udongo.

MVUA NA ZAO, HARAKA HARAKA

Sehemu hii sitakaa sana kwa sababu tumeisoma mara nyingi. Jua kwanza eneo lina msimu mmoja au miwili. Kusini, nyanda za juu kusini, kati na magharibi, mvua ni ya mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kaskazini na pwani ya kaskazini kuna vuli Oktoba hadi Desemba, halafu masika Machi hadi Mei. Dodoma inapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Tukuyu inapita 2,000. Mtu anayetoka Rungwe akahamia Kongwa na mazoea yake ya mahindi atalia. Chukua takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha nenda kamuulize bibi wa kijijini mwaka gani mvua ilikatika Februari. Anakumbuka, maana ndio mwaka alionunua unga.

Na zao linaamua utakaa muda gani. Nyanya unaweza kulima msimu mmoja ukaondoka. Parachichi ya Hass kule Njombe unasubiri miaka mitatu au minne ndipo uone mavuno ya maana, na mti utakuwa pale miaka mingi baada ya hapo. Ukichagua parachichi umechagua majirani wa muda mrefu.

ARDHI NI YA NANI?

Hapa ndipo vijana wengi wanapoliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri yenyewe haiwezi kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Sasa jiulize: mwenyekiti wa kitongoji peke yake, kwenye kibaraza chake, na mhuri wake, ametoa wapi madaraka hayo? Mhuri wake ni ushahidi kwamba mlionana, basi. Sheria hiyo hiyo inamtazama mnunuzi kama mtu anayekusudia kuishi na kufanya kazi pale kijijini. Ukionekana ni mtu wa mjini unayetaka kuhodhi pori na kusubiri bei ipande, mkutano una haki ya kukuuliza maswali magumu, na mimi nawaunga mkono.

Hiyo ni sheria iliyoandikwa. Chini yake kuna mila, na mila zinatofautiana kwa kila unakokwenda.

Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, desturi ya zamani inafuata upande wa mama. Mume anaweza kuwa ndiye mgeni kwenye ardhi anayolima. Swali lako pale lisiishie "huyu mzee ana miaka mingapi hapa?" Uliza "alikuja hapa kwa nani?" Na mtafute mjomba kabla mjomba hajakutafuta wewe.

Kagera ni kinyume. Kule kuna kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, lenye makaburi ya wazee ndani yake, na kuna rweya, ardhi ya nyasi nje ya vibanja. Kibanja ni mali ya ukoo wa upande wa baba. Mtu akikiuza kwa mgeni bila ukoo kukubali, ndugu wanaweza kudai kukikomboa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu pale Mwanza iliamua kesi maarufu ya mama aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa akapinga, na mahakama ikasema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Uamuzi mzuri sana. Lakini wewe mnunuzi jifunze upande mwingine wa kesi ile: shamba lililonunuliwa kihalali bado lilizunguka mahakamani. Kama unataka kulima biashara Kagera, anza kuulizia rweya.

Uchagani ndio usipoteze nauli kabisa kutafuta kihamba cha kununua. Kihamba kinarithiwa, maeneo ni madogo na familia zimejaa. Watu wa kule wenyewe wanashuka tambarare au wanakuja huku kwetu kutafuta ardhi.

Halafu kuna mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inazuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine. Mimi nasema usiishie kwenye nyumba. Hata kwenye shamba tupu, mke na watoto wakubwa wawepo siku ya kuandikishana, na waweke sahihi au dole gumba. Muuzaji akikwambia "mke wangu hana neno, yuko msibani," rudi akishatoka msibani.

Kuhusu miti nataka unielewe vizuri. Pwani na kusini, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Mnazi ni wa aliyeupanda na warithi wake, hata kama umesimama katikati ya ardhi yako. Mkorosho vivyo hivyo, na mwembe mara nyingine. Kwa hiyo mnapozunguka mipaka, hesabu miti mmoja mmoja na uliza wa nani, andika. Na upande wa pili wa jambo hilo hilo: karibu nchi nzima, kupanda mti wa kudumu ni kutangaza kwamba ardhi ni yako. Ukikodi shamba kwa mwaka mmoja halafu ukaanza kuchimba mashimo ya maparachichi au michungwa pembezoni, mwenye shamba ataona unamnyang'anya. Atakufukuza, na kijiji kizima kitasema alifanya sawa. Shamba la kukodi panda mahindi, alizeti, mboga. Kama unahitaji upepo uzuiwe, panda mbaazi, hazina ugomvi na mtu.

Kidogo kuhusu kipimo. Wanasema "heka ni hatua 70 kwa 70." Ekari kamili ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63 na nusu hivi. Hatua sabini ni za nani? Nimeona muuzaji mfupi akipima na mnunuzi mrefu akishangilia bei. Pima kwa kamba au kwa programu ya simu inayotumia satelaiti, na mzunguke mipaka mkiwa na majirani wa pande zote nne.

"PORI TUPU"

Dalali anapenda sana neno hili. Anakuonyesha eneo halina mtu, halina zao, anasema ni pori tu, lipo lipo. Mimi kwa miaka yangu ya kazi sijaona pori lisilo na mwenyewe. Kuna pori la kulalisha ardhi: mwenyewe amelima miaka mitatu minne, ameliacha lipumzike, atarudi. Kule Tunduru na Namtumbo ni jambo la kawaida. Kuna msitu wa matambiko. Upareni ipo, na ukikata mti mmoja tu mvua ikachelewa mwaka huo, mchawi wa mvua umeshapatikana. Kuna makaburi ya zamani yasiyo na saruji, alama yake labda ni kichaka cha minyaa tu.

Shinyanga na Simiyu kuna ngitili. Msukuma anatenga eneo la nyasi na miti wakati wa masika, mifugo haiingii, ili kiangazi kikali ng'ombe wapate pa kula. Kwa macho ya mtu wa mjini ngitili mwezi wa Mei ni shamba lililotelekezwa. Kwa mwenyewe ndiyo benki. Baadhi ni ya familia, mengine ni ya kijiji kizima, na yana sheria ndogo zake.

Kuna pia njia za mifugo. Hapa sitanii, maana watu wamekufa. Kilosa mwaka 2000, Kiteto mwaka 2014, wakulima na wafugaji waliuana kwa ajili ya malisho, maji na mipaka. Kijana anayekuja na pampu yake na mbegu za kisasa akalima katikati ya mapito ya ng'ombe kuelekea mtoni, ameweka shamba lake mahali ambapo ugomvi ulikuwepo kabla hajazaliwa. Uliza: ng'ombe wanakunywa maji wapi mwezi wa Septemba, na wanapita wapi? Tembea mwenyewe, utaona vijia na mavi yao.

Tena kuna desturi moja ambayo vijana wa umwagiliaji haiwaingii akilini. Sehemu nyingi za wakulima na wafugaji, mavuno yakiisha mashamba yanakuwa wazi. Mabua ni ya wote, ng'ombe wanaingia popote, na samadi inabaki shambani. Mkulima wa mahindi anafurahi. Wewe una vitunguu vya Julai, na ng'ombe wa jirani wanafanya walichofanya tangu enzi za babu yake. Kisheria anaweza kukulipa, ndiyo. Ila ukienda kumshtaki wiki ya kwanza umejitangaza kama adui. Nendeni mkae na wazee na viongozi wa wafugaji kabla hujapanda, waambie utakuwa na zao shambani hadi lini, weka uzio wa miiba au mkonge, na mabaki yako ukishavuna waite wao kwanza. Nimeona mkulima wa vitunguu aliyefanya hivyo akawa analetewa samadi bure mpaka mlangoni.

Ulizia kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Sheria ya mwaka 2007 inaviagiza vijiji kuwa nao. Mpango ukiwepo, kuna ramani ofisini inayoonyesha eneo la kilimo, malisho, makazi na hifadhi. Usipokuwepo, ongeza tahadhari.

Na mpaka wa hifadhi je? Mbarali kuna vijiji vilivyoingia kwenye mgogoro wa mpaka na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu tangazo la serikali namba 28 la mwaka 2008, na ukadumu zaidi ya miaka kumi. Bonde la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu za Ramsar mwaka 2002, na mwishoni mwa 2012 kulikuwa na operesheni kubwa ya kuondoa mifugo. Bei ya mashamba maeneo kama hayo huwa ya chini, na mara nyingi sababu ndiyo hiyo. Kuna tembo pia. Liwale, Nachingwea, Tunduru na pembeni mwa Mikumi wanakuja kweli, wanamaliza ekari mbili kwa usiku mmoja. Serikali hutoa kifuta jasho. Jina lake lenyewe linakwambia: ni la kufuta jasho, gharama zako hazirudi.

MAJI YANA WENYEWE

"Mto uko jirani." Sawa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Vishamba vingi vya bondeni wanavyouziwa vijana viko mita 15, mita 20. Siku operesheni ikipita, mkataba wako hauna msaada. Halafu kuchota maji kwa pampu kwa ajili ya biashara kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009. Kwa Usangu na Kilombero ni Bodi ya Bonde la Rufiji.

Kibali ni karatasi. Kijijini kuna zamu. Kwenye skimu za mpunga za Mbarali chama cha umwagiliaji ndicho kinachopanga nani anafungua lini, na wa mwisho kwenye mfereji ndiye anayelala shambani na tochi. Kilimanjaro mifongo ina koo zilizoichimba na wazee wa kugawa maji. Kabla ya kununua, uliza shamba liko mwanzo wa mfereji au mkiani. Bei ni tofauti na ina sababu. Na siku ya kusafisha mfereji, nenda na jembe lako mwenyewe. Usitume kibarua. Ni asubuhi moja tu, lakini majina yanaandikwa.

KALENDA YA KIJIJI NA NGUVU KAZI

Kwenye mpango biashara vijana wanaandika "vibarua 10, siku 6." Nani kakwambia watakuja siku sita?

Pwani, Ijumaa wengi hawaendi shamba. Kuna wilaya ambako siku ya gulio hakuna mtu shambani mpaka jioni, na ni haki yao, ndiyo siku ya kuuza na kununua. Mtwara na Lindi jando na unyago siku hizi nyingi zinafanyika likizo za shule, Juni na Desemba. Juni ndiyo mwanzo wa kupulizia salfa kwenye korosho. Desemba mavuno ya mwisho hayajaisha na mvua inaanza. Ukiwa na mtoto wa kibarua wako anayetoka unyagoni, hutampata mama yake wiki hiyo kwa fedha yoyote. Panga kazi kuzunguka jambo hilo, na ukipelekewa taarifa, changia. Kanga moja au mfuko wa mchele unakumbukwa.

Msiba ndio mkubwa kuliko yote. Vijiji vingi, siku ya mazishi hakuna anayeshika jembe hadi marehemu azikwe. Mgeni anayewasha pampu siku hiyo, hata kama nyanya zinakauka, atasemwa miaka. Nilimwona dada mmoja, mkulima mzuri sana wa pilipili hoho, akipoteza vibarua wote kwa sababu mvulana wake wa kazi alinyunyizia dawa asubuhi ya mazishi, yeye akiwa mjini hana habari. Ilibidi aende kuomba radhi kwa wafiwa akiwa na mzee wa jirani. Walimsamehe, ila wiki mbili za msimu zilikuwa zimekwenda. Kwa hiyo mwachie msimamizi wako maagizo na fedha ya rambirambi, na akuambie mapema.

Malipo nayo yana lugha yake. Kuna kulipa kwa siku, kuna kwa kipande au ngwe, na kuna kazi ya kusaidiana. Iringa na Njombe watakwambia mgowe: unaita watu, mnalima pamoja, unawapikia, na kwa desturi kinyweo kinakuwepo. Upareni ni msaragambo, nao ni wa kazi za jamii zaidi. Usukumani vikundi vya vijana wanalima kwa ngoma, na ukiwaona wakirusha majembe juu utasahau ulikuja kufanya nini. Kosa ni kuita kwa mtindo wa kusaidiana halafu mwenzako akiita wewe huendi. Kama huna muda wa kurudisha, lipa fedha taslimu kwa bei ya pale. Na usipandishe bei kwa fujo. Ukilipa mara mbili ya bei ya kijiji, vibarua watakupenda na wenye mashamba wote watakuchukia, na hao ndio walioko kwenye mkutano mkuu.

SALAMU, UTANI NA ULINZI

Shikamoo haijachakaa kijijini. Shuka kwenye pikipiki ndipo usalimie. Jifunze salamu ya pale: Kamwene kwa Wabena na Wahehe, Mwangaluka kwa Wasukuma asubuhi, Mbukwenyi kwa Wagogo. Utaikosea, watacheka, kazi imekwisha.

Jua pia wewe ni mtani wa nani. Wangoni na Wahehe walipigana sana karne ya 19, na wajukuu wao leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo nao ni watani wa siku nyingi. Kijana wa Kingoni akihamia Kilolo atatukanwa siku ya kwanza na atachekwa anavyokula. Akinuna ameharibu. Ajibu kwa utani, na hapo ameshapata ndugu.

Kwa dada zangu: sheria ya ardhi ya vijiji inasema wazi mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, kwa hiyo usikubali mtu akwambie "leta mumeo tuandike." Ila kupanga chumba kwa familia yenye mama anayeheshimika kijijini kutakupunguzia maneno mengi ya mwaka wa kwanza. Hiyo si sheria, ni ushauri wa kaka yenu.

Ulinzi ni jambo la zamu. Kanda ya Ziwa na Tabora sungusungu wana nguvu tangu miaka ya 1980. Kuna mchango, kuna zamu, na yowe likipigwa usiku kila mwanamume anatoka. Ukibaki ndani unapigwa faini, na siku pampu yako ikiibiwa utapiga yowe peke yako.

SASA UFANYEJE?

Kodi kwanza. Msimu mmoja mzima, na kama unaweza mwaka mzima, ili uone kiangazi na masika. Kodi ekari moja au mbili, mkataba uandikwe ofisi ya kijiji kwa mtendaji, mwenye shamba na mwenza wake wakiwepo. Ukishafika, nenda kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe, halafu mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, halafu ofisa ugani wa kata, halafu viongozi wa dini, hata kama si dini yako. Kwenye eneo la korosho, ufuta au mbaazi ongeza chama cha msingi, AMCOS. Korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007, na mkulima asiyeandikishwa atahangaika kupata pembejeo za ruzuku na kuuza mzigo wake kihalali.

Ukiamua kununua, usilipe yote siku ya kwanza. Omba jambo lako lipelekwe Halmashauri ya Kijiji na litajwe kwenye Mkutano Mkuu, na omba nakala ya muhtasari. Vijiji vingi hutoza asilimia ya mauzo, mara nyingi kumi. Lipa, dai risiti. Kisha anza kufuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Mgogoro ukitokea, unaanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba ambao watatu ni wanawake. Baraza la Kata tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, na anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Pale utalipa nauli, wakili na muda, na shamba litakuwa limesimama.

Safari yako ya kwanza ifanye Februari au Machi, wakati barabara ni mbaya, njaa iko karibu na watu wana kazi. Agosti kila kijiji kinapendeza. Usifuatane na dalali. Kaa siku tano: moja kwenye gulio, moja kwenye mashine ya kusaga, moja shambani kwa mtu ukimsaidia palizi. Kwenye mashine ya kusaga waulize kina mama maswali matatu: mgeni wa mwisho aliyenunua shamba hapa ni nani, yuko wapi sasa, na kama aliondoka, aliondokaje. Wakitazamana kabla ya kujibu, usiku huo huo nipigie simu kabla hujatoa hata shilingi.